Injini Yachemka, Abiria Atetemeka

Mtu aliyelelewa mwambaoni, kuanzia Lamu mpaka Kilwa na katika visiwa vya Unguja na Pemba, hukijua kipupwe kuwa ni majira ya rehema, ambamo kusi huvuma, jasho hupungua, wazee hujifunika shuka la pili usiku, na kipimajoto, kwa aliye nacho, hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Mtu huyo akijaaliwa kununua gari, kile kitufe cha dashibodini chenye alama nyekundu, ambacho kazi yake ni kuleta hewa ya moto ndani, hukihesabu katika mapambo. Hukaa na gari miaka asikiguse, na siku ya kuliuza humwambia mnunuzi, kwa moyo safi kabisa, kwamba hakuna kilichoharibika. Walakini mtu huyo huyo akijikuta, katika miezi hiyo hiyo ya Juni na Julai, mjini Johannesburg, alfajiri, sakitu imetanda juu ya majani na kioo cha mbele kimeganda, ndipo hutambua kuwa gari lake lilikuwa na kiungo asichopata kukijua, na aghalabu hukitambua kwa kukikosa. Mji huo umeonja hata theluji, tarehe 7 Agosti 2012 na tena tarehe 10 Julai 2023, na siku kama hizo hita si pambo tena.

Nia yangu katika makala haya ni kuitetea hita. Si kwa raha inayotupa, ambayo kila mwenye vidole vilivyokufa ganzi ataisifu bila ya kufundishwa, bali kwa habari inayotupa juu ya injini, habari ambayo wenye magari wengi huipuuza, na mafundi wenye pupa huizima kabla haijasemwa.

Fordsburg iko upande wa magharibi wa kitovu cha jiji, imepakana na Newtown na Mayfair, na mtu atokaye Mtaa wa Lilian Ngoyi akaishika Barabara ya Mint hupita katika harufu ya mishikaki na biriani, maduka ya vitambaa na vyombo, sauti ya adhana, na milango mipana ya gereji na maduka ya spea. Kiswahili husikika humo kwa lafudhi nyingi: cha Wasomali waliokulia Nairobi au Garissa, cha Wakongo wa Kivu na Katanga, cha Warundi, cha Watanzania wa bara na wa pwani. Mgeni asiyejua tarikhi ya mahala huweza kudhani kuwa mtaa wenye magari namna hii ulipewa jina la Henry Ford. Kumbe jina ni la Lewis Peter Ford, mshirika wa akina Jeppe katika biashara ya viwanja, na mtaa ulikuwapo tayari wakati Henry Ford, huko Michigan, alikuwa hajaunda gari lake la kwanza, ambalo alilitoa mwaka 1896. Johannesburg yenyewe ilizaliwa mwaka 1886, mwaka ule ule Karl Benz alipopata hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Mji na motokaa ni marika, na wote wawili walizoea mapema kuchemka.

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa nimekaa katika gereji ya fundi mmoja wa Tanga, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alipoingia mama mmoja wa Bukavu na gari dogo la Kijapani lililokuwa likitoa mvuke pembezoni mwa boneti. Mama huyu, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa amevaa makoti mawili na kujitanda kitenge juu yake, na pumzi yake ilionekana mdomoni alipokuwa akieleza kwamba gari lachemka, mshale wa joto umefika kwenye nyekundu, naye ana safari. Fundi akamwuliza kama hita yafanya kazi. Mama akacheka.

“Papa, ile ya baridi acha tu,” akasema. “Njo hii ya moto iko inanisumbua.”

“Mama,” fundi akamjibu, “hayo si maradhi mawili.”

Ndipo, badala ya kufungua boneti, akaanza kumwuliza maswali, nami nikaona ajabu jinsi maswali yote yalivyokuwa ya hita, kana kwamba injini haikuwapo. Ilianza lini kutoa baridi? Ilianza kabla ya gari kuchemka, siku kadhaa kabla. Je, ni baridi daima, au kuna wakati hupata joto? Hupata joto kidogo akikanyaga mafuta barabarani, na akisimama kwenye taa hurudi baridi. Na maji? Maji yamo, kila asubuhi huangalia tangi dogo la akiba, nalo limejaa mpaka mstarini. Jibu hili la mwisho fundi alilipokea kwa kutikisa kichwa, bila ya kusema kama ni kwa kukubali au kwa kukanusha.

Ili msomaji aone kwa nini maswali yalifuata njia hiyo, yafaa tueleze kwa tafsili jinsi harara inavyosafiri ndani ya gari. Petroli ikiungua katika silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000 kwa lahadha moja, ilhali alumini ambayo hedi, yaani kifuniko cha silinda, ya injini nyingi za sasa imetengenezwa nayo huyeyuka katika nyuzi 660. Na kinachoizuia hedi isiyeyuke ni maji, au maji yaliyochanganywa na kulanti, ile dawa ya kupoza, yanayosukumwa na pampu yapite katika mifereji iliyochimbwa ndani ya chuma, yachukue moto, yaende nao mpaka kwenye rejeta, yauachie upepo, na kurudi tena. Katika hesabu ya jumla ambayo wahandisi huifundisha, theluthi moja hivi ya nguvu iliyomo katika petroli ndiyo inayogeuka mwendo, theluthi hutoka na moshi, na theluthi huchukuliwa na maji haya. Yaani mwenye gari hununua moto mwingi ambao kazi yake ya pekee ni kutupwa. Hita ni rejeta ya pili, ndogo, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji yale yale yaliyotoka kuipoza injini hupitishwa humo, feni ikapuliza hewa katikati ya vijibomba vyake, na abiria akaota moto ambao tayari umekwisha kulipiwa.

Basi ikiwa injini imewaka kupita kiasi, na wakati huo huo hita inapuliza hewa ya barafu, haiwezi kuwa joto limekosekana. Lipo, tena lipo kwa wingi wa kudhuru, ila limekosa mchukuzi, kama jikoni ambamo chungu kimekauka juu ya moto mkali huku wageni barazani wanangojea chai. Na mahali pa kwanza pa kukosa maji aghalabu ni kwenye hita, kwa kuwa katika magari mengi hukaa juu kuliko sehemu nyingine za njia ya maji, na hewa, kwa tabia yake, hupanda juu. Maji yakipungua hata kidogo, hewa huingia katika hita na kukaa humo, na abiria huhisi baridi siku kadhaa kabla injini haijaanza kulalamika. Mwendo ukiongezeka, pampu hupata nguvu ya kusukuma maji machache yaliyosalia mpaka juu, na joto hurudi. Mwendo ukipungua, maji hushuka, na baridi hurudi. Kwa sababu hiyo mama wa Bukavu, kwa kusema jambo aliloliona la upuuzi, alikuwa amekwisha kueleza zaidi ya nusu ya maradhi ya gari lake.

Geji ya joto haikueleza hata robo. Watu huiamini geji kwa sababu ina mshale na rangi, nami sina neno nayo maadam maji yamo. Lakini kipimo chake hupima kitu kinachokigusa tu, na maji yakikauka mahali kilipo, kikabaki kimening'inia katika hewa na mvuke, mshale huweza kushuka wakati hedi inapinda. Wako madereva waliouona mshale umerudi katikati, wakamshukuru Mungu kuwa gari limepoa, wakaendelea na safari mpaka injini ikanoki. Laiti wangeifungua hita wakati ule na kuweka kiganja mbele yake, wangejua.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani hana budi kujifunza akipanda huku juu, nalo ni kwamba maji ya Johannesburg si maji ya Dar es Salaam. Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na kwa kuwa uzito wa hewa ni mdogo, maji yaliyo wazi huchemka katika nyuzi 94 hivi, si 100. Hali injini iliyo salama hufanya kazi katika nyuzi 90 au zaidi. Nafasi iliyobaki ni finyu kabisa, na mlinzi wake ni kifuniko cha rejeta, kile kidude cha bei nafuu ambacho juu yake imechapwa namba 0.9 au 1.1, maana yake kiasi cha mgandamizo ambacho kifuniko hukizuia kisitoke. Kifuniko kikiwa kizima, hata huku juu maji hupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Kifuniko kilicholegea huko mwambaoni husamehewa na bahari kwa muda mrefu. Fordsburg hakisamehewi, hasa katika foleni ya jioni, ambapo upepo wa mwendo haupo na kazi yote imeachiwa feni.

Injini iliyochemka haifunguliwi papo hapo, kwa kuwa maji yaliyomo yamezidi kiwango cha kuchemka na huzuiwa na kifuniko tu yasigeuke mvuke. Akifungua mwenye haraka, humrukia usoni. Fundi akaagiza chai, tukangoja. Si mbali na pale, upande wa Newtown, upo Msikiti wa Hamidia, ambapo tarehe 16 Agosti 1908 Wahindi wa Transvaal, Mohandas Gandhi akiwa kiongozi wao, walitia vyeti vyao vya kujiandikisha, zaidi ya 2,000, katika chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu, wakavimiminia mafuta ya taa, wakavichoma. Walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya kujiandikisha huko kwa barua, kwa mikutano na kwa ujumbe, na kila lalamiko lilichukuliwa kuwa kelele. Katika miaka ya 1970 dola ya ubaguzi, kwa mamlaka ya sheria ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo kwa rangi za watu, iliwaondoa wafanyabiashara wa Kihindi katika Mtaa wa 14 huko Pageview na kuwapangia maduka katika Oriental Plaza, lile jengo ambalo leo wageni hulisifu kuwa ni pambo la Fordsburg; na wakazi ikawapeleka Lenasia, mbali na jiji. Nataja haya kwa kuwa katika gereji zetu ipo tabia inayofanana nayo. Hita ikivuja au ikiziba, fundi wa namna hiyo hukata mipira yake miwili, akaiunganisha mmoja kwa mwingine, maji yakapita pembeni yasiingie dashibodini kamwe. Lalamiko likabaki pale pale, na mlalamikaji akawa ameondolewa.

Fundi wa Tanga aliishika mipira hiyo miwili kwanza, pale inapopenya katika ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kama yote miwili ingekuwa ya moto, angejua kuwa maji yafika na kasoro iko upande wa hewa, katika feni ndogo au katika kijilango kinachochanganya baridi na moto nyuma ya dashibodi. Kama mmoja ungekuwa wa moto na wa pili wa baridi, angeshuku kuwa hita imeziba kwa kutu, au vali yake imefungika. Yote miwili ilikuwa ya baridi, ilhali chuma cha injini hakishikiki. Akaenda kwenye rejeta, akakizungushia kifuniko kitambaa, akakifungua taratibu, akatuita tuchungulie: ndani mlikuwa mkavu kiasi cha mkono kuingia, na tangi la akiba, kando yake, limejaa mpaka mstarini.

Mama akashika kiuno. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilikuwa ya tangi. Injini ikipata moto, maji huvimba na ziada yake hutoka kwa njia ya kifuniko hadi katika tangi. Ikipoa, rejeta huyavuta tena, ikiwa tu ile vali ndogo iliyo chini ya kifuniko bado yafunguka na mpira mwembamba wa kati haujapasuka. Vali ya kifuniko hiki ilikuwa imegandamana. Basi kila siku rejeta ilipungukiwa, na kila asubuhi tangi lilionyesha utajiri usiofika kwa mhitaji. Fundi akaendelea kutafuta, kwa kurunzi, mahali maji yalipokuwa yakitokea, akaona chini ya pampu, penye kijitundu kilichowekwa makusudi na watengenezaji ili sili ikichoka maji yatoke nje badala ya kuharibu beringi, mchirizi uliokauka wenye rangi ya kijani na chumvi nyeupe. Mchirizi huo ulikuwa mwembamba, nami nikiri kuwa ningeupita.

Alipoifungua pampu ili kuibadili, akafungua pia kizibo cha themostati, na ndani hamkuwa na kitu. Hapa niliona uso wake umebadilika kwa mara ya kwanza, kwa kuwa jambo hili ni desturi yetu, na sisi wa nchi za joto ndio tulioliamini na tunaohama nalo. Themostati ni vali inayobaki imefungwa mpaka maji yafike, kwa magari mengi ya Kijapani, nyuzi 82 hivi, ili injini ipate joto upesi. Fundi wa kwetu akiona gari limechemka huitoa na kuitupa, akisema maji na yapite kwa uhuru. Akatumwa kijana dukani kuleta mpya.

“Papa, hiyo si walitoshaga juu gari isichemke?” mama akauliza, na lilikuwa swali la haki.

Fundi akamweleza, tena kwa subira ambayo sikuitarajia, kwamba themostati ya gari kama lake hufanya kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta, papo hapo huziba njia fupi ambayo kwayo maji hurudi injini bila ya kupoa; ukiitoa, njia fupi hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila ya kuiona rejeta. Dawa huwa chanzo cha maradhi. Zaidi ya hayo, katika asubuhi ya baridi injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, hunywa petroli zaidi, huchakaa, na hita yake hutoa uvuguvugu usiomfaa mtu. Ushauri huu wa kuitoa ulizaliwa katika nchi ambazo hakuna aliyewahi kuiwasha hita, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona upande wake wa pili.

Kujaza maji nako kulikuwa na adabu yake. Gari lilipandishwa mbele juu ya mteremko mdogo wa mlangoni, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko hita. Hita ikafunguliwa mpaka mwisho wa nyekundu. Kulanti na maji yakamiminwa polepole, injini ikanguruma bila kifuniko, na fundi akawa anaibinya mipira kwa vidole, na kila alipobinya povu lilitoka mdomoni mwa rejeta na maji yakashuka, akaongeza. Hatimaye hewa iliyotoka dashibodini ikawa ya moto kweli, na mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, akavua koti la kwanza.

Wengi wangemaliza hapo na kudai fedha. Lakini gari lililochemka mara kadhaa huenda limekwisha kuunguza gasketi ya hedi, na gasketi iliyoungua hupitisha moshi wa silinda ndani ya maji, moshi ukafanya povu lisilokwisha, ukasukuma maji nje, na hita ikarudi kupuliza baridi kwa sababu mpya yenye dalili za zamani. Fundi akavuta kijiti cha oili, akaitazama kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa; haikugeuka. Akatazama moshi wa nyuma kama ni mweupe na mzito. Palikuwa na mvuke, lakini asubuhi ya baridi kila gari hutoa mvuke, hivyo hakuihesabu. Akachukua chupa yenye dawa ya buluu, akaiweka juu ya mdomo wa rejeta na kuivutia hewa ya ndani. Dawa hiyo hugeuka njano ikikutana na moshi wa silinda. Ilibaki buluu. Hata hivyo viputo vidogo viliendelea kutoka, kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

Mama akamwuliza kama gari limepona. Akamjibu kuwa pampu, kifuniko na themostati ni vipya na hivyo anavijibia, ama gasketi hawezi kuisemea kwa siku moja; akatwaa kalamu ya wino mzito, akachora mstari mpya katika tangi la akiba, akamwagiza kwamba kila asubuhi, injini ikiwa baridi, afungue kifuniko chenyewe cha rejeta wala asitazame tangi peke yake, aendeshe hita ikiwa imefunguliwa, na ikipuliza baridi hata mara moja asimame hapo hapo asingoje mshale. Mama akasema safari yake ni ya Durban, Ijumaa, na mzigo. Fundi akatazama viputo tena, akamwambia mzigo autume kwa basi, naye aje Jumatatu. Wakabishana juu ya hilo na juu ya malipo, ambayo fundi alitaka nusu tu hadi siku hiyo, na nilipoondoka kwenda sala ya adhuhuri walikuwa hawajapatana.